Kurekodi sauti ya msimulizi wa video ya familia ukiwa katika nyumba ya ghorofa

Mkaazi wa Umoja ameuliza:

Salaam kwenu nyote. Ninatayarisha video ya takriban dakika 40 kwa ajili ya sherehe ya wazazi wangu, ambao mwezi wa Desemba watatimiza miaka 50 ya ndoa, na nimefika mahali ambapo picha zimepangika ila maneno bado. Picha zenyewe ni mchanganyiko: kanda za VHS za miaka ya tisini ambazo tumezihamishia kwenye kompyuta, picha za karatasi nilizozipiga upya kwa simu, na vipande vya hivi karibuni kutoka kwa jamaa walioko mashambani na ng'ambo. Ninahitaji msimulizi mmoja wa kuviunganisha vyote kwa Kiswahili, na kwa kuwa mimi ndiye ninayeujua mpangilio wake, kazi hiyo imeniangukia.

Ninaishi Umoja, Nairobi, ghorofa ya tatu. Sebule ina vigae sakafuni, kuta ni tupu, na dirisha linatazama barabara ambayo matatu hazikomi kupita. Ninaposoma maelezo yangu huku simu ikiwa mezani, maneno yanasikika vizuri, lakini sauti inatoka kama ya mtu aliye ndani ya pipa, na nyuma yake kuna mvumo wa chini ambao hauishi hata nikifunga madirisha yote. Isitoshe, kipande nilichorekodi kwa maikrofoni ya kuazima kilipoingia kwenye video kilisikika katika sikio la kushoto pekee.

Katika duka moja la Luthuli Avenue nilionyeshwa maikrofoni za aina mbili, moja ya kondensa inayochomekwa moja kwa moja kwenye kompyuta, na nyingine ya dainamiki inayofanana na zile za kanisani, na muuzaji akasisitiza kwamba ya kwanza ndiyo ya kisasa. Bajeti yangu haizidi shilingi 10,000. Je, ninunue, au nitafute studio ya kukodi kwa saa chache? Na je, kuna njia ya kuandika maelezo haya ili nisisikike kama ninayesoma taarifa ya habari? Mama naye anataka kusimulia sehemu yake mwenyewe, lakini akishaona karatasi mbele yake sauti inabadilika kabisa.

Fundi Mstaafu amejibu:

Ndugu Mkaazi, kabla hujatoa hata shilingi moja, yatenganishe malalamiko yako, kwa sababu yana asili tatu tofauti na hakuna kifaa kimoja kinachoyatibu yote. Nimefanya kazi ya sauti redioni hadi nikastaafu, na bado naona watu wakinunua maikrofoni ya bei ghali ili kutibu ugonjwa wa chumba.

Nitaanza na hilo la pipa, maana ndilo kubwa. Simu yako haina kosa. Sauti inapotoka kinywani husafiri kila upande kwa kasi ya mita 343 hivi kwa sekunde, hugonga vigae, dari na kuta, kisha humrudia msemaji ikiwa imechelewa kidogo. Ukiwa sebuleni huyatambui marudio hayo kwa kuwa ubongo umezoea kuyapuuza, lakini maikrofoni haichagui, hunasa yote. Dawa ya kwanza ni umbali. Kila unapoupunguza kwa nusu umbali kati ya kinywa na maikrofoni, sauti inayofika moja kwa moja hupanda kwa desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ilhali mwangwi wa chumba hubaki karibu palepale ulipokuwa. Simu iliyolala mezani iko mbali nawe kwa nusu mita au zaidi. Isogeze hadi shubiri moja kutoka kinywani, au pungufu kidogo, na utasikia tofauti ambayo hakuna programu itakayokupa baadaye.

Dawa ya pili ni vitu laini na vizito. Hamia chumba cha kulala, fungua kabati la nguo mpaka mwisho, na usimamishe godoro nyuma yako. Wengi huweka blanketi mbele yao, nyuma ya maikrofoni, ilhali maikrofoni inakutazama wewe, na ukuta inaousikia zaidi ni ule ulio mgongoni kwako. Kama godoro ni zito kulisimamisha, mapazia ya mtumba kutoka Gikomba yaliyokunjwa mara mbili na kuning'inizwa kwenye kamba yatafanya kazi ileile. Trei za mayai, ambazo wengi hubandika ukutani, ziache zibebe mayai. Hazizuii kelele za nje hata kidogo, na mwangwi zinaoupunguza ni wa masafa ya juu tu, kwa hiyo chumba hubaki na uzito uleule wa chini unaoharibu sauti ya mwanamume.

Sasa mvumo. Hapa una vyanzo viwili vinavyofanana. Kimoja ni barabara, ambayo magari yake hutoa ngurumo ya masafa ya chini sana inayopenya kuta za mawe bila shida. Kingine ni stima. Umeme wetu nchini Kenya hupiga mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo mvumo wake husikika kwenye 50 Hz, kisha 100 na 150, na huingia kupitia friji, taa za mirija na chaja ya kompyuta. Nalitaja hili kwa sababu mafunzo mengi ya mtandaoni yametoka Marekani, ambako stima ni ya 60 Hz, na mtu anayeyafuata neno kwa neno huishia kuchuja masafa yasiyo na kosa. Chomoa chaja, tumia betri, zima friji kwa muda wa kurekodi (na uweke ufunguo wa nyumba ndani ya friji hiyo, ili usije ukatoka ukaisahau na nyama ikaharibika). Mvumo utakaobaki, ukate kwa kichujio kinachoondoa masafa ya chini, kilichowekwa kwenye 80 Hz. Sauti ya mwanamume huanzia karibu na hapo na ya mwanamke huanzia juu zaidi, hivyo hutapoteza kitu cha maana.

Hilo la sikio moja ni dogo. Maikrofoni ile iliandika kwenye upande mmoja wa faili yenye pande mbili. Katika programu ya kuhariri, ichague sauti hiyo na uigeuze kuwa ya mono, nayo itasikika pande zote mbili kwa usawa. Msimulizi hana haja ya stirio hata kidogo.

Kuhusu ununuzi, muuzaji wako ana haki ya kuuza, lakini mimi kwa chumba ulichokieleza ningechukua dainamiki. Kondensa ni nyepesi wa kusikia, na katika studio iliyotulia hilo ni sifa. Katika ghorofa ya Umoja itakuletea sufuria za jirani na honi za makanga. Dainamiki hukulazimisha kuisogelea, na nyingi husikia zaidi upande wa mbele na hafifu sana upande wa nyuma, kwa hiyo ukiugeuzia mgongo wake kwenye dirisha unapata faida ya bure. Uliza tu kama ina waya wa USB, kwa sababu zile za kanisani hutumia plagi ya pini tatu na zitakudai kifaa kingine cha kuziunganisha na kompyuta. Usilipe kabla hujavaa hedifoni na kujisikiliza palepale dukani, kwani kuna maikrofoni nyingi zenye jina kubwa kwenye boksi na kitu kingine ndani.

Ukiamua kubaki na simu, nayo yatosha. Iweke kwenye hali ya ndegeni, si kwa ajili ya simu zinazoingia tu, bali pia kwa sababu mawasiliano yake na mnara yanaweza kuacha mlio wa kukwaruza ndani ya rekodi. Maikrofoni yake kuu iko ukingo wa chini. Uelekeze ukingo huo kwenye pembe ya kinywa, usiuweke mbele ya midomo moja kwa moja, maana herufi P na B hutoa pumzi inayogonga kama upepo, na katika video ya wazazi utalitamka neno "baba" mara nyingi. Anayetaka uhakika zaidi apinde kiango cha nguo cha waya kiwe duara, akivalishe soksi ndefu ya nailoni, na akisimamishe upana wa vidole vinne mbele ya maikrofoni.

Chagua faili ya WAV badala ya MP3, kasi ya sampuli iwe 48,000 kwa sekunde kwa kuwa ndiyo inayotumika katika video, na uangalie kipimo cha sauti: vilele vyako, yaani pale sauti inapopanda zaidi, vicheze kati ya desibeli -12 na -6. Sifuri ni dari. Sauti ikiigonga hukatika kichwa, na kilichokatika hakirudishwi kikamilifu.

Harusi na Video amejibu:

Namheshimu Mzee Fundi, lakini naona amemtwisha ndugu yetu mzigo wa godoro bila sababu. Mimi nahariri video za harusi, na wateja wangu wengi hurekodi salamu zao ndani ya gari lililoegeshwa. Viti, zulia na dari ya kitambaa hunyonya mwangwi, vioo vimekaa kwa mshazari, na milango ikifungwa kelele za watu hupungua sana. Mtafutie mahali pa kuegesha palipotulia, mbali na barabara kuu, azime injini, akae kiti cha nyuma na simu mkononi, kazi imeisha.

Na kama kelele kidogo zimebaki, programu ya Audacity, inayotolewa bure tangu mwaka 2000, ina zana ya kupunguza kelele. Unaionyesha sehemu isiyo na maneno ili ijifunze kelele ilivyo, kisha unaiamuru iiondoe katika rekodi nzima.

Fundi Mstaafu amejibu:

Gari nalikubali, na kwa mtu asiye na kabati kubwa pengine ni bora kuliko ushauri wangu. Tahadhari ni kwamba bati la gari halizuii ngurumo ya lori, kwa hiyo kichujio cha 80 Hz bado kitahitajika, na kwamba mikono inayoshika simu hutoa mikwaruzo yake. Aiegemeze kwenye kichwa cha kiti cha mbele.

Kwenye zana ya kupunguza kelele ndipo tunapoachana kidogo. Inafanya kazi kwa kelele isiyobadilika, kama feni au mvumo wa kompyuta, kwa sababu imejifunza sampuli moja na inaitafuta hiyohiyo. Honi, mtoto anayelia na muziki wa jirani hubadilika kila nukta, hivyo zana hiyo haivigusi. Ukiizidisha, hung'ata na maneno yenyewe, na msimulizi akaanza kusikika kana kwamba anaongea chini ya maji. Desibeli 6 zinatosha, 12 zikizidi sana. Kipande kilichoingiliwa na honi kirekodiwe upya, ni sentensi moja tu. Ukiteleza au ukisikia kelele, usisimamishe mashine: piga kofi moja, nyamaza kidogo, urudie sentensi kuanzia mwanzo. Kofi litaonekana kwenye mchoro wa sauti kama mwiba, na utalipata kwa macho bila kusikiliza saa nzima.

Jambo jingine wengi hulisahau: kabla ya kuondoka, rekodi nusu dakika ya ukimya wa mahali hapo. Utahitaji kuujaza kati ya sentensi, kwa kuwa ukimya kamili wa kompyuta katikati ya maneno husikika kama kasoro.

Mwalimu wa Buruburu amejibu:

Mitambo nawaachia wenyewe. Nitajibu swali la karatasi, kwa sababu video nyingi za familia nilizoonyeshwa zilikuwa na sauti safi na maelezo yasiyosikilizika.

Kosa la kwanza la mwandishi wa maelezo ni kusema kile ambacho mtazamaji anakiona tayari. "Katika picha hii tunamwona baba akiwa amevaa suti ya kijivu, amesimama kando ya gari lake la kwanza." Suti tunaiona, na gari tunaliona. Mwambie mtazamaji kile ambacho picha haiwezi kumwambia: "Gari hilo halikuwa na breki ya mkono. Kila alipoliegesha, mmoja wetu alitumwa kutafuta jiwe." Ukiipitia rasimu yako kwa kigezo hicho utafuta karibu nusu, na dakika 40 zako zitapumua.

La pili ni urefu wa sentensi. Kiswahili cha kuandikwa huvumilia vishazi virejeshi vinavyofuatana, lakini msomaji wa sauti ana pafu moja, na akilimaliza katikati ya kishazi husikika akitafuta hewa. Soma kila sentensi kwa sauti ukiwa umesimama. Ikikulazimu kuvuta pumzi mahali pasipo na koma, ivunje. Usipime muda kwa kuhesabu maneno kama wanavyoshauri walimu wa Kiingereza, ambao hutaja maneno 150 kwa dakika, kwa sababu kitenzi chetu kimoja hubeba mtenda, wakati, mtendwa na kauli, na hesabu hiyo itakukimbiza mno. Pima kwa saa, kipande kwa kipande, picha zikiwa mbele yako.

Tarehe ni mtego wa peke yake. Mwaka 1987 ukiandikwa ni tarakimu nne, lakini ukitamkwa kwa ukamilifu ni "elfu moja mia tisa themanini na saba", na picha itakuwa imepita kabla hujaimaliza. Uandike mwaka kwenye kioo na mdomoni useme "mwaka wa themanini na saba", kama tunavyosema nyumbani, au hata "mwaka huo mama alipohamishwa kikazi". Majina ya vijiji na ya wazee waliotangulia yaulize mapema kwa wanaoyajua. Ukumbi mzima utaguna jina la babu likitamkwa vibaya.

Kuhusu taarifa ya habari: sauti hiyo hutokana na kuuhutubia umma. Msomaji wa habari hana budi, wewe unayo hiari. Weka picha ya mtu mmoja nyuma ya maikrofoni, kwa mfano mpwa wako wa miaka kumi na miwili ambaye hakuwahi kumwona bibi yake akiwa kijana, na umsimulie yeye. Waliokuwa wakimsikiliza mtangazaji marehemu Leonard Mambo Mbotela katika idhaa ya taifa watakumbuka namna kila msikilizaji alivyohisi anaongeleshwa yeye. Karatasi yenyewe ichapishwe kwa herufi kubwa, sentensi isikatwe na mwisho wa ukurasa, na kurasa zitandazwe bila kubanwa pamoja, kwa sababu mlio wa karatasi inayogeuzwa huingia kwenye rekodi bila kubisha hodi.

Na hili nalisema kwa msisitizo: nyamaza. Kanda za miaka ya tisini zina sauti zake, watu wanaocheka, nyimbo za arusi, labda sauti ya mtu ambaye leo hayupo. Usimfunike mtu huyo kwa maelezo yako hata kama maelezo ni mazuri kiasi gani. Msimulizi amalize kabla, aache kanda izungumze, kisha arudi.

Mkaazi wa Umoja ameandika:

Nawashukuru sana, na nimeanza kufuta kama Mwalimu alivyoelekeza. Yamebaki mambo matatu. Mama hajajibiwa. Kaka yangu aliye Uingereza hunitumia maneno yake kwa WhatsApp, na sauti yake inafika nyembamba ikilinganishwa na yangu. Na je, ni saa ngapi ambapo jiji hili hutulia kiasi cha kurekodiwa?

Dada wa South C amejibu:

Nianze na hilo la mwisho, kwa kuwa ninaishi karibu na uwanja wa ndege wa Wilson na nimelazimika kuisoma ratiba ya kelele kama wavuvi wanavyosoma bamvua. Mchana usijisumbue. Jioni matatu na televisheni za majirani huendelea hadi kama saa nne. Kati ya saa tano za usiku na saa kumi alfajiri ndiyo nafasi pana, ila usivuke hapo kwa sababu adhana, majogoo na kwarara huanza karibu pamoja, na kwarara wa Nairobi akipita juu ya paa akilia hakuna kichujio kitakachomwondoa. Siku za Jumapili asubuhi barabara huwa nyepesi, lakini makanisa yenye vipaza sauti huujaza utulivu huo. Kama mnaishi chini ya mabati, tazameni pia mawingu, maana mvua za vuli zinaanza Oktoba na matone machache tu yanatosha kuiharibu rekodi. Chagua saa moja na uishikilie hiyohiyo kila siku, kwani sauti ya mtu aliyeamka sasa hivi ni nzito kuliko yake ya jioni, na ukirekodi nusu asubuhi na nusu usiku utasikika kama wasimulizi wawili.

Kaka yako mwambie asitumie kitufe cha kurekodi cha WhatsApp, kwa sababu ujumbe wa sauti hubanwa sana ili usile data. Arekodi kwa programu ya kinasa sauti iliyo kwenye simu yake, akae karibu kama Mzee Fundi alivyosema, kisha faili hiyo aitume kama hati ya kawaida, au aiweke kwenye hifadhi ya mtandaoni akupe kiungo. Itafika kama ilivyotoka. Usitumie nguvu nyingi kuifanya ifanane na yako, kwani watazamaji wanajua yuko mbali, na jina lake likiandikwa chini ya picha tofauti hiyo inakuwa sehemu ya habari.

Mama sasa. Mwondolee karatasi kabisa. Mketishe pale anapokaa siku zote, si ndani ya kabati wala garini. Ukimpeleka mtu mzima mahali pageni atazungumza kwa adabu ya ugenini. Mpe albamu ya picha mkononi na umwulize maswali, mkinywa chai kabla na si wakati wa kurekodi, kwa kuwa vikombe hulia. Maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo, iwekwe kifuani karibu shubiri moja chini ya kidevu, itamfaa kuliko kitu kikubwa kinachomkodolea macho, na zipo za bei ya chini zinazochomekwa kwenye simu. Angalia tu isisuguane na leso au mkufu. Tandika mkeka au zulia sakafuni, shusha mapazia, na uiache mashine iendelee bila kumtangazia kila mara kwamba sasa inarekodi. Ridhaa uiombe mwanzo mara moja, kwa heshima, kisha mzungumze.

Maswali yako yatakatwa baadaye, kwa hiyo mwombe alirudie swali ndani ya jibu. Ukimwuliza "Mlikutana wapi na baba?" asijibu "Machakos" peke yake, bali "Mimi na baba yenu tulikutana Machakos." Usimwitikie kwa "ehe" na "naam" kama tulivyozoea, maana sauti yako itakanyaga yake, mwitikie kwa macho na kwa kichwa. Na akiteleza akaingia katika lugha ya nyumbani kwenu, usimrudishe kwenye Kiswahili. Sehemu hiyo huwa ndiyo yenye uhai, nawe unaweza kuiwekea tafsiri ya maandishi chini ya picha.

Fundi Mstaafu amejibu:

Dada amenimalizia kazi. Naongeza hatua ya kuunganisha sauti zote, kwa sababu hapo ndipo kazi nzuri huharibikia.

Weka sauti yako ya usimulizi kwanza na uifanye kuwa kipimo. Zingine zipandishwe au zishushwe kuifuata. Sauti ya kanda ya VHS ishuke kwa desibeli 15 hivi unapoongea, na ianze kushuka nusu sekunde kabla ya neno lako la kwanza, si pamoja nalo. Muziki nao vivyo hivyo, tena chagua usio na maneno, kwa kuwa masikio hayawezi kuzifuata sentensi mbili kwa wakati mmoja. Mwishoni upime ukubwa wa sauti ya video nzima kwa LUFS, kipimo ambacho Audacity na programu nyingine za kuhariri zinacho. Watangazaji wa Ulaya, kwa mwongozo wao wa mwaka 2010, hulenga -23, lakini hiyo itakuwa hafifu mno kwenye simu za jamaa; YouTube hushusha video zinazozidi karibu -14, kwa hiyo lenga hapo au -16, huku vilele visivuke desibeli -1.

Kisha isikilize kwa vifaa vitatu: hedifoni, spika ya simu, na televisheni. Usimulizi ukieleweka kwenye spika ya simu, umefaulu, maana spika hiyo haina besi kabisa na haimfichii msemaji kitu.

Kwa siku yenyewe, hema na vyombo vya kukodi vina tabia yake. Mafundi wa vyombo huongeza besi kwa ajili ya muziki wa kuchezwa, na besi hiyo huufanya usimulizi ungurume hata maneno yakapotea. Fika mapema ukiwa na faili kwenye flashi mbili na waya wako mwenyewe wa kutoka kompyuta hadi kwenye mitambo, ucheze dakika moja ya sauti yako na dakika moja ya mama, usimame safu ya nyuma kabisa wanakoketi wazee, na umwombe fundi apunguze besi kwenye mkondo wa video pekee hadi kila neno lifike huko. Mwambie aandike alama kwa kalamu mahali kitufe kilipofikia, kwa sababu MC akishashika maikrofoni atabadilishiwa kila kitu.